Kikopo cha Mpimaji

Watu wa Arua wakimtaja Mpimaji husema alikuwa na akili nyingi. Sikatai. Nilifagia bustani ya jiji kwa miaka tisa, na miaka sita kati ya hiyo akili yake nilikuwa naikuta mbele ya ufagio wangu, imeviringishwa utepe na kusukumwa chini ya vichaka. Anayetaka kumsifu ana watu wengi wa kumsaidia. Mimi nitasema nilichokiona.

Tulimwita Mpimaji kwa sababu alikuwa akiipimia serikali ardhi mpaka alipostaafu. Huko Ayivu ni vigumu kupata shamba ambalo hakulikanyaga. Alipostaafu hakujua azipeleke wapi hesabu na miguu yake, akaingia katika mchezo mmoja wa simu aliofundishwa na wageni wa shirika la misaada. Mchezo wenyewe si mgumu. Mtu anaficha kikopo, ndani yake anatia kidaftari, penseli na vikorokoro, kisha anaweka kwenye simu namba za mahali hapo, zile zinazosomwa kutoka setilaiti. Wengine wanazifuata mpaka wakipate, wanaandika majina yao, wanakirudisha kilipokuwa. Watu wanatembea, wanacheka, siku inakwisha.

Mpimaji hakutaka watu wacheke. Namba zenyewe alizificha ndani ya mafumbo. Hesabu nguzo za banda la muziki, toa ngazi za lango la mashariki, zidisha kwa mabenchi yasiyo na kivuli. Jibu lako utalitia katika hesabu aliyoiandika yeye, ndipo upate mahali. Ukikosea tarakimu moja unaishia kwenye mtaro wa maji machafu, naye anafurahi. Nimemwona kwa macho yangu amejibanza nyuma ya mti wa jakaranda, mtu mzima mwenye wajukuu, akiwatazama walimu wawili wa shule ya msingi wakizunguka na simu zao kwenye jua. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Walipoondoka bila kitu akatoka, akajifuta machozi, akaniambia, "Na hao ndio wanafundisha."

Alikuwa akifika saa moja asubuhi, kofia pana, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, na kipimo chake cha setilaiti kimening'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Hakusalimia. Kwetu mtu asiposalimia tunadhani ana msiba, kwa hiyo mwezi wa kwanza nilimwonea huruma. Baadaye nikajua ni tabia. Angesimama nyuma yangu akasema, "Umeacha majani kumi na moja." Ningegeuka nihesabu, na kweli yalikuwa kumi na moja. Lakini kuinama aokote hata moja, hapana.

Kikopo chake cha kwanza nilikiona kabla sijamjua. Baba yangu alikuwa askari, nimezaliwa Koboko na kukulia kambini, na kitu alichotufundisha mapema kuliko sala ni kutogusa chombo ambacho hatukukiweka sisi. Siku hiyo nilikuwa nakusanya majani chini ya ua la michongoma, nikakuta kitu cha duara kimeviringishwa utepe mweusi. Niliulaza ufagio polepole, nikarudi nyuma hatua kwa hatua, nikaita polisi. Bustani ikafungwa. Wauza karanga wakakimbia, karanga wakaziacha. Askari wawili wakalala kifudifudi nyuma ya tangi la maji. Ndipo akatokea bwana wa soksi nyeupe, akaruka kamba ya polisi, akachutama, akakifungua mbele ya macho yetu. Penseli, kidaftari, na tembo mdogo wa plastiki.

"Hii ndiyo bomu yenu?" akauliza.

Askari mmoja akainuka, nyasi bado ziko kwenye ndevu zake. "Mzee, hii kitu iko yako?"

"Ni ya mwenye akili."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe mama, unajua kuhesabu?"

"Najua, mzee."

"Basi siku nyingine hesabu kwanza, halafu upige kelele."

Tangu siku hiyo nilijua maficho yake yote. Yeye alikuwa akiwaza wiki mbili mahali pa kuficha, mimi nikipaona dakika mbili baada ya kushika ufagio, maana anayefagia hana kona anayoiruka. Ningekiinua kikopo, nifagie, nikirudishe vilevile kilivyokuwa kimelala. Niliwahi kumwambia, kwa nia njema, kwamba kile cha chini ya daraja kimeingia maji. Uso wake ukafunga kama duka siku ya Idi.

"Umekijuaje?"

"Nafagia pale, mzee."

"Kufagia si kutafuta," akasema, akaenda kukitoa akiwa amekasirika, kana kwamba nilikuwa nimemchungulia anaoga.

Jibu la wazi lilikuwa linamuuma kooni. Mwenye boda alimuuliza siku moja, "Nakupeleka wapi, mzee?" Akasema, "Digrii tatu kaskazini ya ikweta, thelathini mashariki, na dakika zake." Kijana wa watu akafikiri kidogo. "Hiyo iko karibu na soko?" Mpimaji akarudia zilezile digrii. Boda ikaondoka, ikamwachia vumbi, akatembea kwa miguu hadi Ediofe na goti lake bovu. Kesho yake alikuwa anakisimulia kisa hicho kuonyesha ujinga wa mwenye boda.

Na mtu huyohuyo aliyejua mahali pa kila jiwe alipotea ndani ya soko jipya. Alizunguka kwenye vibanda vya vitenge mara nne, anakiinua kile kipimo, anakitikisa, maana setilaiti haioni chini ya zege. Mama mmoja wa vitenge akamshika mkono akamtoa nje. Hakushukuru. Alisema jengo limejengwa vibaya.

Mke wake alikuwa akikaanga sambusa mbele ya nyumba yao Ediofe, mama mpole, mwenye sauti ndogo. Siku moja alitaka funguo ya stoo, akamuuliza mumewe ameiweka wapi. "Mahali Jumapili inapoanzia," akajibiwa. Mama wa watu akatafuta ndani ya Biblia, akatafuta ndani ya viatu vya kanisani, akatafuta chini ya mto, mwisho akalivunja kufuli kwa jiwe.

"Mimi hapana olewa na mutu," aliniambia huku akigeuza sambusa. "Mimi naolewa na swali."

Nisiwe mwongo. Kuna jambo moja alilifanya huko kijijini Logiri ambalo hata mimi siwezi kulicheka. Ndugu wawili walikuwa wameshikiana mapanga kwa sababu ya mpaka, baba yao amekufa na kila mmoja anasema jiwe la mpaka lilikuwa huku. Walikwisha kukatana mara moja, mmoja alikuwa amefungwa kitambaa mkononi. Mpimaji alikuwa amestaafu, hakuna aliyemtuma. Alikwenda kwenye mvua, akahesabu hatua, akasimama, akasema, "Chimbeni hapa." Walichimba, jiwe likatokea, lilikuwa limefunikwa na udongo wa miaka. Yeye akaketi juu ya lile jiwe, kwenye tope, na soksi zake nyeupe, akasema hainuki mpaka mapanga yapelekwe nyumbani. Alikaa mpaka yalipopelekwa. Shemeji yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia, na shemeji yangu hana sababu ya kumpamba.

Kwa hiyo alijua kusema "hapa". Aliweza. Ni sisi wengine tu hakuona kwamba tunastahili kuambiwa.

Sasa nifike kwenye kikopo chenyewe.

Mwaka wa sita wa mchezo wake alitangaza shindano. Lile shirika likaleta baiskeli mpya iwe zawadi, ofisi ya jiji ikatoa hema na soda. Walikuja wanafunzi, walimu, vijana wa maofisini, hata wageni kutoka Kampala wenye viatu vya kupandia milima, katika bustani ambayo mwinuko wake mkubwa ni kichuguu. Mpimaji alikuwa amekificha kikopo alfajiri hiyohiyo, kabla sijafika, na asubuhi hiyo sikufagia, nilipewa viti vya kupanga. Akasimama chini ya hema, akasoma mafumbo matano, akatoa na hesabu ya mwisho iliyoandikwa kwa mkono wake na kupigwa chapa kwa kila mtu.

"Mkikipata kabla ya adhuhuri," akasema, "mimi nitaacha kuhesabu."

Wakatawanyika. Kufika saa tano kila kundi lilikuwa limepata jibu moja, na jibu hilo likawapeleka wote nyuma ya vyoo, kwenye mtaro. Watu zaidi ya thelathini wakafukua pale kama kuku, mwenyewe ameketi hemani, hawaoni. Walipoona hakuna kitu wakapanua eneo, wakaingia kwenye maua yangu, yale niliyoyamwagilia kwa ndoo kiangazi kizima. Nilisimama na ufagio nikiyaangalia yanalala moja moja. Adhuhuri ikapita. Saa nane wakarudi hemani, wamechafuka, wamekasirika.

Mwalimu mmoja wa kike, kijana, akasema kwa adabu, "Mzee, pengine namba iko na makosa kidogo."

Mpimaji akavua kofia. "Makosa?"

"Nasema pengine."

"Binti, mimi nimeipima nchi hii kabla mama yako hajaolewa." Akaangalia huku na huku. Watu walikuwa wanamngoja. Kisha akasema, taratibu, "Kikopo kimeibwa. Jiulizeni wenyewe. Ni nani anaingia humu kabla ya watu wote, na anajua kila kichaka?"

Hakunitaja. Alielekeza kidevu tu upande wangu. Hata kunishtaki alinishtaki kwa fumbo, na hilo ndilo fumbo pekee alilolitunga ambalo watu wote walilijibu papo hapo.

Msimamizi wetu akanivuta kando. "Mama, leta funguo ya stoo. Kaa nyumbani kwanza."

"Nakaa mpaka lini?"

"Mpaka hii maneno ipoe."

"Mimi hapana chukua kitu ya mutu."

"Najua, mama. Leta funguo."

Nilikaa wiki tatu. Kukaa ni neno tu. Nililima mihogo ya watu huko Ayivu ili watoto wale enyasa, ugali wetu wa muhogo, jioni. Jembe halikuniumiza. Kilichoniumiza ni mama mmoja tuliyekuwa tukikaa pamoja sokoni tangu zamani, ambaye nilipoketi karibu naye alikivuta kikapu chake upande wa pili, bila kukatiza mazungumzo. Na binti yangu alirudi kutoka shule akaniuliza, "Mama, ile tembo ya plastiki ya kikopo uliweka wapi?" Wenzake walikuwa wamemtuma aulize. Nilimpiga kofi, na kofi lile ninalijutia mpaka leo, na hilo nalo ninamwandikia Mpimaji kama deni.

Katika wiki hizo alinipita mara moja. Nilikuwa nimeinama shambani karibu na barabara, nikaona soksi nyeupe. Akasimama. Nikadhani amekuja kusema neno. Aliangalia matuta yangu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mstari wako umepinda," akasema, akaenda zake.

Niliitwa kurudi kazini kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja na nyasi za bustani zilikuwa zimefika magotini. Hakuna aliyesema lingine. Asubuhi ile ya kwanza nilianzia kwenye tangi la maji. Nikaingiza ufagio katikati ya nguzo zake, ukagonga kitu. Kikopo, utepe wa kijani, kimekaa juu ya tofali, mahali safi kabisa, zaidi ya hatua mia kutoka kwenye ule mtaro. Ndani kidaftari hakijaandikwa hata jina moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna mtu aliyekisogeza. Kilikuwa mahali ambapo mwenyewe alikiweka, ila hesabu yake iliwapeleka watu kwingine.

Nilikwenda Ediofe sijavua hata aproni ya kazi, nimekishika kikopo kwa mikono miwili, njia nzima, ili kila mtu aone. Akafungua mlango mwenyewe. Alikiangalia, akaniangalia, akakiangalia tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupokea pole na kuikataa.

"Utepe umelegea," akasema. Akakichukua, akafunga mlango.

Nilimweleza msimamizi. Yeye si mtu mbaya, ni mchovu tu. "Mama," akasema, "umesharudi kazini. Sasa unataka nini tena?" Nilitaka Mpimaji asimame chini ya lile hema, mbele ya walewale watu, aseme. Lakini hema lilikuwa limekunjwa, watu walikuwa Kampala, na baiskeli ilikuwa imerudishwa na gari lililoileta.

Bustanini hakuonekana tena. Mke wake alipofariki, Mpimaji alichukuliwa na dada yake, akaishi naye Koboko. Nilisikia habari hiyo nikasema, basi, Mungu amewasaidia watu wa Arua, sasa awasaidie wa Koboko.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu aliolewa hukohuko Koboko. Harusi kubwa, Waislamu na Wakristo pamoja, wanaume upande mmoja wa hema na wanawake upande wa pili. Kaka yangu ni askari mstaafu, wazee wa jeshi walijaa. Nilikuwa napitisha sinia la pilau karibu na meza yao nilipoisikia ile sauti. Amekonda, fimbo iko katikati ya magoti, miwani mizito, lakini soksi zilezile. Alikuwa anawasimulia.

"Nilificha kikopo ambacho Arua nzima haikukipata," anasema. "Nzima! Na wasomi wa Kampala ndani yake. Mwisho kikaibwa. Kulikuwa na mama mmoja wa ufagio..."

Sinia nililiweka katikati ya meza yao.

"Mama wa ufagio iko hapa, mzee," nikasema.

Kaka yangu akanishika kiwiko. "Dada, kaa chini. Hii iko harusi."

"Nilikaa wiki tatu. Leo hapana." Nikamgeukia Mpimaji. "Kikopo yako nilikuletea mpaka mlangoni, na mkono yangu hii. Waambie wazee. Ulinijibu nini?"

Haji mmoja aliyeketi jirani naye, mtu wa makamo ya kuheshimiwa, aliweka mfupa wa nyama kwenye sahani, akafuta vidole.

"Mzee mwenzangu," Haji akauliza, "mama anasema kweli?"

Mpimaji alivua miwani. Niliona jinsi mdomo wake ulivyokuwa ukitafuta njia ya kuzunguka. Meza nzima ilikuwa inamngoja, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumwelekezea kidevu.

"Kilikuwa chini ya tangi," akasema.

"Na mwizi?"

"Tarakimu ya tatu ilikuwa moja. Niliandika saba."

"Nakuuliza mwizi, mzee."

"Hakuna mwizi."

Mzee mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha meza yote, mpaka wengine wakapiga mapaja. Mpimaji wa serikali! Saba! Miaka yote hiyo nilidhani siku nikikisikia kicheko hicho nitashiba. Kilikuwa kicheko cha kawaida tu, cha watu waliokula vizuri. Mmoja akaomba chumvi.

Baadaye nilikuwa nasuuza masinia nyuma ya nyumba, akaja na fimbo yake. Alisimama mbali kidogo na maji.

"Nilijua jioni ileile," akasema. "Nilifungua daftari nyumbani nikaiona."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nimekosea tarakimu moja, Ayivu yote ingekuja mlangoni kwangu. Kila mwenye mpaka angesema na wake nimeukosea. Unajua watu na mipaka. Damu ingemwagika, mama."

Nililiinamisha sinia maji yamwagike.

"Kwa hiyo ukawapa mimi."

Nilingoja. Nilikuwa na masinia sita bado, na nilikuwa tayari kungoja mpaka yote yakauke.

"Ndiyo," akasema.

Hakuomba msamaha na mimi sikuutoa. Nayasema haya ili asije mtu akasema tulipatana. Alikuwa na sababu, na sababu yake niliielewa, na bado nilimwona ni mtu mdogo aliyejificha nyuma ya jambo kubwa. Mambo hayo mawili nimeshindwa kuyatenganisha, sihangaiki tena.

Boda ya kumrudisha kwa dada yake ilikuwa inangoja barabarani. Akageuka kuondoka peke yake, na mbele yake kulikuwa na kamba za hema, zimefungwa kwenye vigingi, chini kabisa, rangi ya vumbi. Nilifuta mikono, nikamshika mkono wa juu. Si kwa huruma. Ilikuwa harusi ya mtoto wa kaka yangu na sikutaka mtu aanguke ndani yake.

Tukaenda hatua chache. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Nikasikia anavuta pumzi, anakohoa, sauti inapanda ile ya zamani.

"Mama, nikuulize kitu. Ni nini ambacho kila ukikipunguza..."

"Mzee," nikamwambia, "nyamaza. Iko kamba."

Akanyamaza. Akainua mguu.